Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

Kila Jumatano baada ya masomo, Injinia alikuwa akifagia chumba cha kompyuta, akipangusa vumbi, kisha akikaa kwenye kompyuta ya dirishani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo la utani alilipenda kuliko lake la kuzaliwa.

Kompyuta hiyo ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyobeba programu ya maktaba, iliyoandikwa na wanafunzi waliomaliza zamani. Mtunza maktaba, ambaye wote walimwita Mama Vitabu, aliitumia kuandika nani amechukua kitabu gani.

Jumatano moja Injinia alikuja na flashi ya mjomba wake. Ndani yake mlikuwa na toleo jipya la lugha ya kuandikia programu. Alitaka kutengeneza mchezo. Pembeni mwa kioo cha kompyuta palikuwa pamebandikwa karatasi chafu. Hakuisoma. Aliibandua, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Kisha akafuta toleo la zamani, akaweka jipya.

"La zamani la nini?" alimwambia rafiki yake Redio, msichana asiyenyamaza hata akiwa anakula.

Mchezo ulikubali. Programu ya maktaba ikakataa. Ilifunguka, ikamwaga mistari myekundu, ikajifunga.

Asubuhi iliyofuata Mama Vitabu aliwaita wote wawili. "Hii imepatwa na nini?"

Redio alimnong'oneza mwenzake, "Sema umeme. Umeme haujawahi kujitetea."

"Umeme ulikatika, mama," Injinia akasema.

Mwalimu wa kompyuta akaitwa. Alijaribu hiki na kile, akakuna kidevu. "Kama ni umeme, diski imeumia. Inabidi nifute kila kitu, nianze upya."

"Na orodha yangu?"

"Nakala ya mwisho tuliyo nayo ni ya mwaka jana."

Mama Vitabu akaketi. "Mitihani ni mwezi ujao, na vitabu mia mbili viko majumbani mwa watu. Nitagonga mlango wa nani?"

Mwalimu alishika kipanya. Injinia akasogea mbele.

"Mwalimu, ngoja! Si umeme. Ni mimi." Akaeleza yote, hadi karatasi.

Mwalimu aliachia kipanya polepole. "Kumbe! Nilikuwa namkata mguu mtu mwenye jipu. Diski ni nzima. Hii programu iliandikwa kwa toleo la zamani, na toleo jipya limebadilisha baadhi ya amri. Linaisoma, haliielewi. Karatasi iko wapi?"

Injinia akaingia chini ya meza, akatoka nayo na utando wa buibui kichwani. Ilikuwa imeandikwa: *Programu ya maktaba hutumia toleo la pili tu. Usilifute. CD iko kwenye droo ya juu.*

Mama Vitabu alifungua droo, hakuona kitu. Kisha akakitazama kikombe chake cha chai, na CD iliyokuwa chini yake. "Mungu wangu. Miaka sita naweka kikombe juu yake!"

Waliifuta CD kwa kitambaa. Kwanza mwalimu alinakili orodha yote kwenye flashi. Kisha akaweka toleo la pili kwenye folda yake, jipya likabaki kwenye folda nyingine, na programu ya maktaba ikaelekezwa kwenye la zamani. Ikafunguka. Majina yakajipanga, kitabu kwa kitabu.

"Sikiliza, binti," mwalimu alisema. "Kuharibu kompyuta si ajabu, hata mimi nimeziharibu. Ungesoma karatasi na kuweka nakala kabla ya kufuta, tusingefika hapa. Lakini kilichotaka kutumaliza ni uongo. Ukimdanganya fundi, anatengeneza ambacho hakijaharibika, na kizima kinakufa. Ukiharibu, sema ulichofanya. Umesikia? Na wewe, Redio?"

"Nimesikia, mwalimu," Redio akasema. "Na umeme nao nauomba radhi."

Injinia aliinyoosha karatasi, akaibandika mahali pake, akaongeza mstari chini: *Toleo jipya liko kwenye folda nyingine. Limewekwa na mtu ambaye hakusoma karatasi hii.*

Mama Vitabu akatua kikombe mezani. Meza ikayumba, chai ikamwagika.

"Haya, Injinia," akasema, "katafute kipande cha mbao. Na uniulize kwanza ni cha nani."