Taa ya Tundu la Kumi na Nne

Jua lilikuwa linazama na wafanyakazi walishaondoka. Fundi wa kompyuta alibaki na kazi moja tu: kuitafuta mashine iliyokuwa ikiwatapikia wateja barua pepe zenye kirusi. Mkurugenzi alitaka jina kabla ya kesho, na jina lililokuwa midomoni mwa watu ni la binti mpya wa mapokezi, ambaye hakuwa na hata mwezi kazini.

Roho ilimsuta fundi. Miezi mitatu nyuma kirusi hikihiki kiliingia, na aliyekileta ni yeye, kwa flashi yake ya sinema aliyoichomeka kwenye mashine ya Mama Mapokezi, aliyekaa mapokezi kabla ya huyu binti. Kwenye ripoti aliandika kwamba yule mama alifungua barua asiyoijua. Mama akafukuzwa, wala hakujitetea. Baada ya wiki sita wakamzika. Fundi alikwenda mazikoni, akashindwa kumtazama mumewe machoni.

Sasa alipiga magoti mbele ya swichi, kile kisanduku kinachopokea nyaya za ofisi nzima. Akazichomoa mmoja mmoja, na taa zake zikazimika.

Ikabaki moja. Tundu la kumi na nne.

Inapepesa... inapepesa...

Akaufuata waya wake ukutani mpaka stoo. Alipofungua mlango, harufu ya dawa ya kuchua ikampiga puani. Mama Mapokezi alikuwa akijipaka magotini kila jioni huku akimtania, "Mwanangu, wewe fundi gani usiyeweza kunitengenezea magoti?"

Mashine yake ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi. Waya wa mtandao umechomekwa. Waya wa umeme haupo.

Na ndani, kitu kinanguruma.

Akauchomoa ule waya, akarudi mbio. Taa bado inapepesa. Akili ikamwambia amalize ripoti aende zake nyumbani, basi akakaa, akaandika: chanzo ni mapokezi. Akaandika jina la yule binti. Alijichukia, lakini aliandika.

Simu ikaita. Alikuwa mkurugenzi.

"Nimeisoma barua yako," alisema taratibu.

"Barua ipi, bosi?"

"Ya flashi. Imetufikia wote. Hata mume wa marehemu."

Fundi aliikumbuka. Aliiandika siku ya mazishi, akikiri kosa lake, akaificha kwenye kompyuta yake, akakosa ujasiri wa kuituma. Virusi vya aina hii huokota mafaili ya watu na kuyasambaza. Hilo alilijua vizuri, na kwa sekunde chache likamtuliza.

"Kumbe, unavyoandika, marehemu alikuona ukichomeka," mkurugenzi aliendelea. "Akanyamaza kwa sababu ulikuwa na mtoto njiani."

Fundi alikauka. Hakuandika hayo. Hakujua kama alionwa.

"Ila mstari wa mwisho sijauelewa. Umeandika, 'Mwanangu, na huyu binti usimfanyie hivyo.' Unamwambia nani?"

Fundi akaishusha simu. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua.

Akalifuta jina la binti, herufi moja moja. Ilipofutika ya mwisho, taa ya kumi na nne ikazimika.

Alifukuzwa kazi asubuhi yake, na hakujitetea. Sasa ana kazi kwingine. Lakini kila akikaa kuandika ripoti, hata ya printa mbovu, ile harufu huja taratibu mpaka begani, ikasimama hapo kusoma.