Gamba la Ndooni

Haya yalimkuta rafiki yangu Abeli, mwalimu kutoka bara aliyepanga chumba mtaa wa Jadida. Siku moja alirudi kutoka kijiji cha Mgogoni na kitoto cha nyoka, akakifuga ndooni, jiwe juu ya kifuniko. Hakuwa amewahi kufuga hata kuku.

"Mwalimu, kabla hujafunua ndoo piga hodi kwanza," alimwonya mwenye nyumba, Bi Samiha. "Usije ukamkuta hajavaa."

Abeli alicheka, akaendelea kufunua atakavyo.

Jioni moja umeme ulikatika. Ndooni kukaanza mchakacho, kama mtu anayekunja nguo. Abeli alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Hodi," alinong'ona.

Mchakacho ukakoma.

Jiwe lilikuwa palepale. Alifunua, akamulika kwa simu. Nyoka alijiviringisha pembeni, anang'aa upya. Kando yake, gamba la zamani lilikuwa limekunjwa mara nne, kama kanga iliyotoka kupigwa pasi.