Ubao wa Mwanachuo

Harufu ya mchele unaoungua ilianza Jumatatu mchana, katika nyumba ambayo wiki nzima ilikuwa imepika ugali tu.

Ulikuwa mwaka ule kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, na kila mwenye mzani akajiita bosi. Marcelo naye alikarabati gofu la zamani pale kijijini Nkoma, upande mmoja ghala, upande mmoja nyumba. Kwenye kifusi akaokota ubao wenye maandishi ya Kiarabu yaliyofifia, na Jumatatu ile asubuhi akaugongomea dirishani. Kuuliza si ujinga, lakini bosi hana muda.

Kesho yake bintiye Ng'washi, wa miaka saba, aliacha kula. Kila adhuhuri alikaa chini ya dirisha lile akiyumbayumba, akisoma kwa sauti ya mvulana maneno ambayo hakuna Mkatoliki wa nyumba ile aliyewahi kumfundisha, akifika mwisho ananyamaza, anatazama mlango, anangoja, kisha anaanza upya mpaka midomo inapasuka, na kufikia siku ya nane mbavu zake zilihesabika.

"Mama Ng'washi, mtoto anatutoka," Marcelo alimnong'oneza mkewe, Philomena.

Wakamleta Mwalimu Limbu kutoka msikiti wa Bariadi. Akaunusa ubao.

"Huu ni wino wa mchele uliounguzwa. Hapa palikuwa na chuo cha Kurani." Akamgeukia mtoto. "Nani wewe? Unangoja nini?"

"Namngoja mwalimu anisikilize," ile sauti ilijibu. "Wajerumani wamemchukua kubeba mizigo ya vita. Alisema nisitoke mpaka arudi."

Philomena akaangua kilio. Vita ile ilikwisha kabla baba yake hajazaliwa.

Limbu akaketi, akamsikiliza neno kwa neno, akauosha ubao kwa maji kama ilivyo desturi ya chuo.

"Umefuzu. Nenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Limbu akachungulia dirishani. Nje palikuwa na pamba tu. Hata makaburi ya watu wa mvulana yule yalishalimwa. Sauti ikauliza tena, taratibu, machozi yakimtiririka Ng'washi, na Philomena, ambaye hakuwahi kuvumilia mtoto akilia, akamkumbatia.

"Hapa, mwanangu."

"Mayu, mama yangu, usiseme hivyo!" Limbu alinong'ona, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ng'washi akapepesa macho kama aliyeamka.

"Mayu, nina njaa," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akasogea kidogo mkekani, kumpisha mtu. "Na huyu naye."