Dawa Baada ya Chakula

Mume wangu Kyule ana kiburi kidogo. Mimi ni mke wake, naweza kusema. Tunalima ndengu karibu na Kyuso. Mwaka ule mvua ilikataa, na ndengu zikakauka shambani. Tukaanza kupika mara moja kwa siku, jioni. Muthokoi kidogo, yale mahindi ya kukoboa, basi.

"Wavinya," Kyule akaniambia, "mambo ya sufuria yetu yasitoke hapa nyumbani."

Kyule ana presha. Kila mwezi tulienda kliniki. Daktari alikuwa kijana, anaitwa Fahad, ametoka chuo juzi juzi tu. Siku moja alimpima Kyule, na presha ilikuwa juu sana. Mlango ulikuwa wazi. Watu wote kwa laini walikuwa wanasikia.

"Mzee, unameza dawa asubuhi na jioni, baada ya chakula?"

Kyule akatazama chini. "Jioni pekee."

"Ai, mzee! Kwani unataka kupooza? Unataka mama akulishe na kijiko?"

Akaandika neno kwenye kadi. Nilisoma: mkaidi.

"Mimi huko sirudi," Kyule akasema tulipofika nyumbani. Niliogopa sana. Ndugu yake ana presha pia, na alipooza upande mmoja. Niliingia jikoni nikalia.

Mwezi uliofuata hatukwenda. Baada ya wiki moja, saa sita mchana, Fahad akaja kwetu na mama wa makamo.

"Hamjambo? Mimi ni Daktari Mutindi," yule mama akasema. "Nafundisha madaktari chuoni. Huyu nilimfundisha, na bado namwongoza kazini. Ameniandikia ripoti ya wagonjwa wakaidi kumi na wanne. Nimemwambia kwanza aende akae nao."

Nikawapa viti. Chai sikuwa nayo, na niliona aibu.

"Mama, leo mmekula nini?" Mutindi akauliza polepole.

"Bado."

"Na jana mchana?"

Kyule alinikazia macho. Wacha anikazie! Nilikuwa nimechoka kuficha.

"Daktari, sisi tunakula jioni tu. Mlisema dawa ni baada ya chakula. Asubuhi hakuna chakula. Sasa angemeza baada ya nini?"

Fahad akashika kichwa. "Mimi nilifikiri hataki dawa."

"Ulimuuliza?" Mutindi akasema.

"Hapana. Nilimgombeza."

"Ukimgombeza mgonjwa, ataficha. Ukisema "baada ya chakula", mtu anayekula mara tatu atapona. Huyu hatapona. Wenye shida zaidi ndio tunawapoteza hivyo, Fahad."

Fahad akaomba kuona dawa. Akazisoma moja moja, halafu akamgeukia Kyule.

"Mzee, nisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu. Hizi dawa zako hazingoji chakula, nilisema hivyo kwa mazoea tu. Meza na maji, asubuhi na jioni. Lakini usimwambie jirani afanye kama wewe. Ziko dawa zinazotaka chakula. Kila mtu amuulize daktari wake."

"Na mtu akiwa na shida nyumbani?" Kyule akauliza.

"Aniambie. Nitafunga mlango kwanza."

Kyule alirudi kliniki. Baada ya miezi miwili presha ilikuwa imeshuka. Naye Fahad alikwenda kwa wale wengine wote. Wengi walikuwa wanakula mara moja kama sisi. Wengine walikosa nauli. Mmoja hakuwa anaona vizuri, alikuwa anachanganya vidonge. Fahad aliandika ripoti upya, na lile neno akalitoa kwenye kila kadi.

Kisha Mutindi akatuita Kitui mjini, tuongee na madaktari wapya kumi na wawili. Sisi, tufundishe madaktari! Nilicheka njia nzima. Nikawaeleza mambo ya chakula na dawa, wakawa wanaandika.

Binti mmoja akainua mkono. "Mzee, kwa nini hukumwambia daktari mapema?"

Nilifungua mdomo nijibu. Kyule akasimama.

"Niliona haya," akasema. "Kwangu kulikuwa kunapikwa mara moja."

Hakuwa amemwambia mtu maneno hayo, hata ndugu yake. Nilimshika mkono. Wale madaktari waliacha kuandika, wakamtazama.