Tanuri Langu Lilibomolewa kwa Sababu ya Mashine ya Jua

Nina miaka arobaini na saba, na shule niliacha darasa la tano. Walioniumiza sitawaficha: ni mume wangu Ochieng na mke mwenzangu Akinyi, wa kijiji cha Kisegi, kando ya ziwa. Wakisoma hapa, wasome vizuri.

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nyuma ya nyumba nilikuwa na tanuri la udongo, nakausha samaki wa mbuta kwa moshi, na wanawake wa mjini Oyugis wanakuja kununua kwangu. Watoto walisoma kwa moshi huo.

Halafu wakaja wataalamu wa kupima hewa. Mashine yao ina kioo kinachogeuka kufuata jua. Walisema mwanga ukishuka, zile gesi zinazoongeza joto duniani zinameza kiasi chake njiani, na mashine inasoma kilichopungua. Sawa. Lakini mbona waiweke kwa uwanja wa Akinyi? Mbona yeye ndiye apewe kazi ya kukifunua na kukipangusa kile kioo?

Wivu ulinikaba... Kila asubuhi namwona na koti la kazi, anacheka na wageni. Na kwetu mikayi haendi uwanja wa mke mdogo kuomba habari, ni aibu. Kwa hivyo maneno yote ya wataalamu niliyapata kwa mdomo wa Akinyi.

Siku moja akasimama kando ya ua. "Dada mkubwa, wageni wanasema moshi wako unachafua jua lao. Tanuri litoke."

"Jua limekuwa lao tangu lini?"

"Uliza mzee."

Mzee hakungoja niulize. Ochieng alikuja na jembe akalibomoa, samaki wakiwa bado ndani... Akasema, "Unataka wageni wahame juu ya samaki?"

Wateja wakaisha. Nikaenda Osiri, huko Migori, kuponda mawe ya dhahabu mpaka kifua kikaanza kuniuma. Niliporudi kuona watoto, nikakutana langoni na mtaalamu mmoja, Wafula.

"Mama, mbona uliacha mbuta? Tulizipenda."

Nikamwambia, si nyinyi mlikataa moshi? Akatikisa kichwa.

"Sisi tulimtuma Akinyi akuombe uwashe alasiri, mawingu yakishaziba jua na mashine tumeifunika. Hayo tu."

Hayo tu... Nikamuuliza, sasa mbuta mnanunua wapi? Akaangalia chini, akaonyesha ufuoni. Tanuri jipya lilikuwa linafuka, na wanawake wa Oyugis wanangoja na beseni zao. Akinyi anageuza samaki. Ochieng anampasulia kuni.

Hata leo wivu haujanitoka, siwezi kudanganya.

Dada zangu mlioolewa wake wengi, nawasihi. Neno la mgeni lisikufikie kwa mdomo wa mtu anayetaka nafasi yako. Vuka uwanja, umuulize mgeni mwenyewe. Watakucheka, ndiyo, lakini wakichoka watanyamaza. Mimi hakuna aliyenicheka... na tanuri sina.