Chumba Chenye Dirisha

Asubuhi ya kwanza samaki walipokataa kula, Koleo alidhani ni maji.

Alikuwa ametia chakula kama kawaida, punje chache za kuisha ndani ya dakika mbili, maana samaki wale ukiwalisha kwa huruma unawaua. Hakuna aliyepanda juu kula. Samaki kumi na wanane, bluu na manjano, waliozoea kumpokea kwa vurugu kama wateja wa mnada, siku hiyo walikuwa wamejipanga upande mmoja wa tangi, mstari mmoja, vichwa vyote vimeelekea ukutani. Hawakufukuzana wala kung'atana mapezi. Walikuwa wanautazama ukuta tu.

Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na stoo.

Koleo halikuwa jina alilopewa na wazazi, lilikuwa la mtaani. Alikuwa fundi wa meno, mtu wa mikono miepesi na maneno mengi, na karibu mtaa mzima ulishawahi kumfungulia mdomo. Ukimuuliza habari za samaki wake, ujue chai yako itapoa. Angekwambia kwamba hawa ni binamu wa sato, ila wana roho za wapangaji: kila dume lazima apate pango lake, na jirani asichungulie, la sivyo watauana kabla ya Ijumaa. Maji yawe na chokaa. Joto lisipungue nyuzi ishirini na tano. Tangi liwe refu, si la mapambo. Na lake lilikuwa la futi sita, likijaa maji linazidi nusu tani, limekaa katika chumba cha nyuma, chumba pekee cha ziada chenye dirisha.

"Kiumbe usiyeweza kumpa makazi mazuri," alipenda kusema huku amemshika mgonjwa taya, "usimlete nyumbani kwako." Mgonjwa kinywa wazi, atajibu nini?

Na maneno hayo aliyasema miezi kumi na moja mfululizo, huku mama yake mzazi analala stoo.

Haya, tuseme ukweli wote. Nyumba ya mama ilipobomoka kwa uzee, Koleo ndiye aliyesema, "Mama anakuja kwangu, nimeshamwandalia chumba chenye dirisha." Alisema kwa moyo safi. Lakini chumba kilikuwa na tangi, na tangi huwezi kulibeba kama beseni. Inabidi umwage maji, uwatoe samaki, na majike walikuwa wametaga. Basi akamtandikia mama stoo, kati ya mifuko ya plasta ya kutengenezea meno ya bandia, kwa siku mbili tatu. "Jumamosi, mama. Jumamosi nalihamisha." Jumamosi zikaja na kupita. Stoo haikuwa na dirisha, na vumbi la plasta halikuwa na likizo. Kila usiku mama alikohoa mara tatu, halafu kimya, kama mtu anayeomba radhi kwa kelele. Kila Koleo alipoanza kujieleza, mama alimkatiza: "Usihangaike, mwanangu. Hapa panatosha."

Alipofariki, daktari alisema ni umri na mapafu. Koleo aliyachukua maneno ya umri, ya mapafu akayaacha pale pale.

Msibani kijijini, dada yake mkubwa, anayeishi mbali, alisimama mbele ya watu. "Namshukuru mdogo wangu. Mama amelala chumba chenye dirisha, jua la asubuhi linamfika miguuni. Sisi wengine tulishindwa." Watu wakaitikia. Koleo akainamisha kichwa, na wote wakadhani ni huzuni. Alijiuliza kidogo hayo ya jua kufika miguuni dada kayatoa wapi, kisha akaacha kujiuliza, kwa kuwa kuuliza kungemlazimu kujibu.

Katika kusafisha stoo, mkewe alikuta chini ya godoro mawe matatu meupe, yenye matundu matundu, yamefungwa kwenye kitambaa. Mama alikuja nayo kutoka nyumba ya zamani. Alishawaambia, "Haya yana mwenyewe. Anakaa ninapolala. Siku nikiondoka, mpeni binti yangu." Koleo aliyakumbuka maneno hayo vizuri. Lakini aliyageuza mawe mkononi, akayadondoshea siki, yakatoa povu. Chokaa tupu. Mawe ya aina hiyo mfugaji wa samaki hawa huyatafuta kwa tochi: yanayapa maji chokaa, yanafanya mapango. Akayachemsha, akayapanga tangini.

Wiki hiyo hiyo ndipo samaki wakageukia ukuta.

Alipima maji, yalikuwa sawa. Alibadilisha chujio, akatazama hita, yote salama. Kisha ikaja harufu ya kafuri, ile mama aliyojipaka kifuani, ikipanda kutoka kwenye tangi kila chujio likinguruma. Kisha mchana mmoja, amekaa mezani na mkewe, wakasikia kioo kinagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Mlio wa jiwe kwenye kioo, kwa ndani. Na baada ya hapo, upande wa stoo, kikohozi. Mara tatu, halafu kimya.

Mkewe aliweka kijiko chini polepole.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Ni bomba."

"Bomba halikohoi, mume wangu."

"Kula chakula."

"Yarudishe yale mawe. Mama alisema yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Jini gani atakaa kwenye nyumba ya watu wenye akili zao?" Lakini naye alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika na wa tatu.

Jioni yake simu ikaita. Ni dada. "Shikamoo, dada," akasema Koleo.

"Marahaba. Nakuja Jumamosi. Nataka nikione hicho chumba cha mama, nikae humo kidogo. Na mawe yake nitayachukua. Hivi lile dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama uani," Koleo akajibu. "Mama alikuwa akilipenda sana."

Hapo hapo mdomo wake ukajaa maji. Maji ya baridi, yenye ladha ya kafuri, na ndani ya maji vitu vidogo vidogo vyenye uhai, vinamgonga meno kwa ndani vikitafuta pa kutokea. Akakimbilia sinki akatema. Yalitoka maji matupu na chembe mbili za mchanga. Dada alikuwa bado anaita kwenye simu, "Haloo? Mdogo wangu?"

Tangu saa hiyo hakula. Kila alipofungua mdomo alihisi umeshajaa. Palikuwa na samaki jike mmoja tangini, wa manjano, aliyekuwa amebeba mayai mdomoni. Ndivyo samaki hawa wanavyolea, mama hufumba mdomo majuma matatu bila kula, mpaka watoto waweze kuogelea. Huyu alikuwa ameingia juma la sita. Alikonda akabaki kichwa, na bado kafumba. Koleo alipomtazama, aliona aibu bila kujua kwa nini anamwonea aibu samaki.

Siku ya pili, mchana kweupe, mgonjwa wa saa saba hajafika, alikaa mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, akawasha taa, akashika kile kioo kidogo chenye mpini kwa mkono mmoja na kioo cha kunyolea kwa mkono wa pili, akapanua mdomo kama alivyowaamuru watu miaka ishirini wapanue, akaona ulimi, akaona magego, na nyuma ya magego, pale koo linapoanzia, akaona giza la pembe nne, na giza lile likawa chumba, na ndani ya chumba mifuko imepangwa mpaka darini, na kati ya mifuko kitanda chembamba, na juu ya kitanda mtu amelala amempa mgongo, na mtu yule akaanza kugeuka, polepole, kwa shida, kama wanavyogeuka wazee wasiotaka kumwamsha mtu.

Kioo kikamponyoka kikavunjika. Mgonjwa wa saa saba alipoingia, alimkuta fundi amekaa sakafuni, mikono yote miwili imeziba mdomo. "Leo zamu yako, eh?" mgonjwa akatania.

Jioni akamwambia mkewe, "Nishikie wavu. Huyu samaki lazima nimfungue mdomo, atakufa."

Kazi hiyo aliijua. Unamshika ndani ya kitambaa chenye maji, kichwa chini, unambonyeza taya kwa kijiti laini, na watoto wanadondoka kwenye bakuli. Mkewe alishika bakuli. Koleo akabonyeza. Mdomo ukafunguka, mpana kuliko ulivyopaswa. Hakikudondoka kitu. Badala yake ikatoka sauti, si ya mama, ni ya Koleo mwenyewe, changamfu, ya mtu mwenye haraka zake.

"Jumamosi, mama. Jumamosi nalihamisha, sina mchezo."

Kisha tena. "Jumamosi, mama." Na tena, na tena, Jumamosi zote za miezi kumi na moja, moja baada ya nyingine, hakuna iliyorukwa, mpaka mkewe akaangusha bakuli na kujiziba masikio. Koleo akamrudisha samaki majini. Samaki akafumba mdomo, akaenda kujipanga na wenzake ukutani.

"Mwambie dada yako ukweli," mkewe alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi pia nilinyamaza. Wanawake waliponipongeza msibani, nilipokea. Usidhani aibu ni yako peke yako."

"Nitamwambia. Ila si kwa simu."

Wala hakukusudia kumwambia. Ijumaa, mkewe akiwa kazini, alikitoa kitanda cha mama stoo, akakiburuta mpaka chumba cha nyuma. Alitaka dada akione humo, aridhike, aondoke. Alikisukuma kati ya tangi na dirisha akitegemea kitagoma, kwa maana siku zote alisema pale hapatoshi, lazima tangi liondoke kwanza.

Kikaenea. Kikaenea, na nafasi ya kupita na ndoo ikabaki.

Hakuwahi kupima. Mtu aliyepima chokaa ya maji kwa matone, aliyepima joto asubuhi na jioni, hakuwahi kuchukua futi akapima kitanda cha mama yake. Mkewe aliporudi alimkuta amesimama mlangoni na shuka mkononi. Alitazama kitanda, akatazama tangi.

"Kumbe kilienea," alisema. Akaenda jikoni.

Jumamosi saa nne dada aliingia na mkoba wake. Alipelekwa chumba cha nyuma, akakaa kwenye kitanda, akapapasa shuka. Jua lilikuwa linaingia.

"Alilala hapa," dada akasema taratibu.

Koleo alikuwa ameshaliandaa jibu: Ndiyo, dada, hapa hapa. Akafungua mdomo, maji yakajaa mpaka puani. Vile viumbe vikamgonga meno, vingi sasa, kwa fujo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye fizi. Alifumba midomo kwa nguvu zote, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, na tangini samaki wote kumi na wanane wakaubandua uso ukutani kwa pamoja, wakageuka, wakamtazama yeye.

"Mdogo wangu, una nini?"

Akapanua mdomo. Maji yakamwagika kifuani na sakafuni, na nyuma ya maji yakatoka maneno.

"Alilala stoo. Miezi kumi na moja yote. Hapa palikuwa pa samaki. Na mawe yako nimewawekea samaki. Unisamehe, dada. Msibani nilikuacha unishukuru."

Nyumba ilitulia. Harufu ya kafuri ilikatika kama iliyofungiwa mlango.

"Unajua nani aliniambia habari za dirisha?" dada aliuliza.

"Mimi. Kabla hajahamia."

"Wewe uliniambia utampa. Mama ndiye aliyeniambia umempa. Kila nikipiga simu. Alinieleza jua linavyoingia, linavyomfika miguuni, wewe unavyomwamsha akatazame samaki. Nilikuwa nakuonea wivu."

Koleo aliketi chini kwenye yale maji. Alikuwa amezoea kuamini kwamba uongo ule ni wake peke yake. Kumbe mama ndiye aliyeubeba, kinywani mwake, miezi yote ile, akiwa gizani, ili yeye asiaibike kwa dada yake.

Dada alikunja mkono wa gauni, akayatoa mawe matatu tangini mwenyewe, akayafunga kwenye kitambaa yakiwa yanadondoka maji. Aliomba aonyeshwe stoo. Alisimama ndani dakika moja, mlango umefungwa. Alipotoka hakunywa hata maji. Akamkumbatia wifi yake, akaondoka.

Juma lililofuata Koleo aliwagawa samaki kwa mfugaji mwenzake, hata yule jike wa manjano, ambaye siku hiyo aliachia watoto thelathini wazima. Tangi likatolewa. Kitanda kikabaki peke yake chini ya dirisha, shuka safi, blanketi zito. Akampigia dada. "Huko kwako kukoje? Hayo mawe hayakusumbui?"

"Hayana neno," dada akajibu kwa mkato. "Mwenyewe ametulia, ameyazoea makazi. Kwako je?"

"Kwangu pia kumetulia," akasema Koleo, na mara akahisi ubaridi kwenye ulimi, kidogo tu.

Kwa sababu jini lilishaondoka na mawe yake, na bado jioni ile, kabla hajapiga simu, mtu alikuwa amekohoa nyuma ya ukuta. Mara tatu, halafu kimya.

Alipokata simu, Koleo alikwenda kusimama mbele ya mlango wa stoo. Hakuogopa kama alivyotarajia. Aibu ilikuwa imeshika nafasi yote. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Shikamoo, mama," alisema. "Chumba kiko tayari. Nimelitoa tangi. Dirisha liko wazi. Njoo, mama, nakuomba."

Kitanda ambacho hakikuwa tena mle ndani kililia, kama kinavyolia mtu akigeuka. Na sauti ikaja, ya upole, isiyo na kinyongo hata chembe.

"Usihangaike, mwanangu. Hapa panatosha."