Mlango Unaotazama Sebule

Cherehani ya Pius ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Hapo alishona sare za shule kuanzia asubuhi hadi jioni. Nyumba yao ya Mkolani ilikuwa ndogo, imejengwa juu ya mwamba. Mlango wa bafu, lenye choo ndani, ulitazamana na kiti chake.

Kwa miaka sita mlango huo haukumsumbua mtu. Kisha Dorotea, mama wa mkewe Rose, akaja kutoka Kwimba. Alikuwa amevunjika nyonga, na daktari wa mjini alitaka kumwona kila wiki kwa miezi mitatu.

Siku ya nne Rose alikuta uji wa mama yake umepoa kikombeni.

"Mama, mbona hunywi?"

"Nimeshiba."

"Na maji je? Tangu jana hujayagusa."

Dorotea alishusha sauti. "Nikinywa, nitataka kwenda haja. Nitapitaje na kanga mbele ya mkwe wangu? Ameketi pale pale kama mlinzi wa benki!"

Kwao hilo si jambo dogo. Mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Kwa hiyo Dorotea alioga alfajiri tu, Pius akiwa bado amelala. Mchana kutwa alijibana. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Jumamosi nirudishe nyumbani," alisema. "Nyonga itapona yenyewe."

Rose alitoka chumbani damu ikimchemka. Sebuleni alimkuta Pius na fundi mwashi Yakobo wameinama, wanachora sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo.

"Tunalitengeneza bafu kwa ajili ya mama," Pius alisema kwa furaha. "Choo tunakihamishia kona ile. Hapa tunaweka sinki kubwa la kulala ndani. Chini vigae vinavyong'aa."

"Na mlango?"

"Mlango una shida gani?"

"Shemeji," Yakobo alimcheka Rose, "wewe pika. Ujenzi tuachie wanaume."

"Nani anaosha bafu hilo?" Rose alifoka. "Nani anamshika mama asianguke? Mmemuuliza? Hata mimi mmeniuliza?"

Hakungoja jibu. Alikwenda nyumba ya pili kumwita Mwanvua, fundi bomba. Mwanvua alikuja na nguo zake za kazi. Alianza kwa kuingia chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimsikiliza Dorotea mpaka mwisho. Alipotoka, alikuwa amekunja uso.

"Shemeji Pius, wewe hukata suruali kabla ya kumpima mvaaji?"

"Hapana! Nitaharibu kitambaa."

"Basi mbona unavunja ukuta kabla ya kumpima mwenye shida? Mama wa watu hanywi maji kwa sababu ya mlango huu. Wewe unamnunulia sinki! Ataliingiaje kwa nyonga ile?"

Pius aliutazama mlango. Akakitazama kiti chake. Chaki ilimdondoka.

"Sikujua," alisema.

"Siku nne umemkalia mama mlangoni!" Rose alimwambia.

Mwanvua aliutazama mchoro wa chaki, akamgeukia Yakobo. "Chini ya kona mnayohamishia choo kuna nini?"

"Mwamba," Yakobo alinung'unika.

"Na bomba la choo lazima literemke hadi shimoni. Utaupasua mwamba? Usipoupasua, bomba litakosa mteremko, uchafu utaziba. Choo kibaki kilipo. Tuhamishe mlango."

Chumba cha Dorotea kilikuwa kwenye korido ya nyuma, na ukuta mmoja wa bafu ulipakana na korido hiyo. Mwanvua aliugonga.

"Tutatoboa hapa kwanza, ndipo tuzibe mlango wa sebuleni. Juu ya mlango mpya tuweke linta, boriti ya zege ya kuubeba ukuta usipasuke. Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani akauegemea, mlango wa kufungukia ndani hautafunguka."

"Na vigae?" Pius aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vyenye uso wa kukwaruza, visivyoteleza. Sakafu iteremke kidogo kuelekea tundu la maji. Kando ya choo tufunge chuma cha kushikilia, kikazwe ukutani kwa boliti. Fimbo ya kutundikia taulo haifai, itang'oka naye."

"Chuma kikae juu kiasi gani?"

"Mpime mama."

Pius alishtuka. Yeye kumpima mama mkwe wake! Aliivua futi kamba shingoni, akampa mkewe. Rose alimpima mama yake akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Akamsomea Yakobo vipimo. Safari hii Yakobo aliandika kila kimoja, hakucheka.

Kazi ilichukua siku tano. Siku hizo Dorotea aliogea kwa Mwanvua. Jumamosi ilipita, wala hakutaja safari.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, cherehani ilikuwa ikilia sebuleni. Dorotea alifunga kanga yake, akachukua mkongojo wake, akapita koridoni taratibu. Alioga kwa muda mrefu mpaka Rose akagonga mlango.

"Mama, uko salama?"

"Niache! Nimekaa siku ngapi sijaoga kwa raha?"

Alipotoka, alikunywa chai vikombe viwili.

"Nikuongeze?" Rose aliuliza.

"Jaza. Na mkwe wangu mwambie mama anashukuru."

Pius alikuwa ameyasikia yote kupitia ukutani. Hata hivyo, aliendelea kushona, akangoja mkewe aje amwambie.